Zawadi, faini na jamii kamilifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mipaka ya saikolojia ya tabia

Ukurasa huu ni kwa ajili ya walimu, maafisa maendeleo ya jamii, makatibu wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na wanafunzi wa vyuo vya Iringa, Mbeya na mikoa jirani. Wote hukutana na wazo moja linalovutia: kwamba shule, kikundi au kijiji kizima kinaweza kunyooka ukipanga vizuri nani apate nini baada ya kufanya nini. Wazo hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inafaa kujua linaishia wapi.

Saikolojia ya tabia inadai nini hasa?

Inadai kwamba ukitaka kumwelewa kiumbe, acha kubahatisha yaliyomo moyoni mwake. Angalia anachofanya, kilichotangulia tendo hilo, na kilicholifuata. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa ishara tu, ikiwa ishara hiyo imezoea kutangulia chakula. Edward Thorndike, mwaka 1898, aliwafungia paka kwenye visanduku vyenye komeo na kuona kwamba tendo lililowafungulia mlango hurudiwa upesi zaidi kila mara. Mwaka 1913 John B. Watson alitangaza kuwa saikolojia iachane na habari za fahamu na ishike tabia peke yake. Kisha akaja B. F. Skinner (1904–1990), aliyepima jambo hilo kwa uangalifu kuliko wote: panya anabonyeza wenzo, punje inadondoka, mashine inaandika.

Neno la kushika hapa ni kiimarishi, yaani chochote kinachofuata tendo na kulifanya liongezeke. Kuna kosa linalofanywa hata kwenye mitihani ya vyuo, la kudhani kwamba uimarishaji hasi ni adhabu. Sivyo. Uimarishaji hasi ni kuondolewa kwa kero. Mtoto analia, mama anampa simu, kelele zinakoma. Mtoto ameimarishwa kulia kwa kupewa simu, na mama ameimarishwa kutoa simu kwa kuondokewa na kelele, na huo ndio uimarishaji hasi. Kesho wote wawili watarudia.

Maabara ya panya ilizaaje ndoto ya jamii kamilifu?

Mwaka 1948 Skinner alichapa riwaya iitwayo Walden Two, kuhusu jumuiya ya watu wapatao 1,000 iliyopangwa kwa kanuni hizo. Humo hakuna pesa. Mtu mzima anatakiwa kutimiza alama 1,200 za kazi kwa mwaka, takriban alama nne kwa siku, na kazi inayochukiwa hulipa alama nyingi kwa saa kuliko inayopendwa. Hakuna adhabu, kwa sababu Skinner aliipinga. Watoto hulelewa kwa pamoja na kufundishwa kuvumilia vishawishi hatua kwa hatua: asubuhi wanapewa pipi ya kijiti iliyopakwa sukari ya unga, na wataila baadaye ikiwa tu haijalambwa. Juu ya yote wapo Wapangaji sita. Wananchi wa kawaida hawawapigii kura.

Kumbuka hao sita. Tutawarudia.

Kuna watu waliojaribu kuishi hivyo?

Wapo. Jumuiya ya Twin Oaks ilianzishwa na watu wanane huko Virginia, Marekani, mwaka 1967, na imedumu zaidi ya nusu karne. Walianza na alama za kazi kama za kwenye riwaya, lakini baadaye wakaachana na thamani tofauti kwa kazi tofauti: saa moja ya kazi yoyote ikawa sawa na saa nyingine, iwe kupika, kulea watoto au kutengeneza tofu. Ugumu wa mfumo wa kwanza unaonekana hata kwa kuufikiria tu. Kama kazi isiyopendwa ndiyo yenye alama nyingi, anayeipenda ana sababu ya kuficha kwamba anaipenda. Kipimo kinategemea watu kusema ukweli kuhusu nafsi zao, huku chenyewe kikiwalipa wasiseme.

Los Horcones, iliyoanzishwa mwaka 1973 jimbo la Sonora nchini Mexico, ndiyo iliyoshikilia sayansi yenyewe kwa bidii zaidi, na wanachama walichukua takwimu za tabia zao wenyewe. Lakini hata wao waliacha uongozi wa wapangaji wachache na kutafuta namna ya kuamua kwa pamoja.

Kwa hiyo jumuiya hizi mbili hazikuvunjika. Zilichokipunguza ni kile kile ambacho riwaya ilikiona kuwa moyo wa mpango.

Kwa hiyo saikolojia hii ni ya uongo?

Hapana, na anayesema hivyo hajawahi kufuatilia tabia kwa kalamu na daftari. Teodoro Ayllon na Nathan Azrin, katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Anna, Illinois, miaka ya 1960, waliwapa wagonjwa waliolazwa muda mrefu tokeni, yaani vipande vidogo kama sarafu, za kubadilishana na vitu walivyovitaka, pale walipofanya kazi ndogondogo za wodini na kujitunza. Kazi ziliongezeka. Tokeni zilipoanza kutolewa bure, bila kujali nani amefanya nini, kazi zilianguka. Mpango uliporudishwa, zikapanda. Ushahidi wa namna hiyo haupuuzwi.

Ratiba za uimarishaji, yaani mpangilio wa lini kiimarishi kitoke, nazo ni kweli tupu. Ukaguzi wa usafi ukijulikana kuwa ni mwisho wa mwezi, mitaro itazibuliwa siku mbili kabla. Watu si wanafiki kwa hilo. Ratiba yenye muda maalumu huzaa mkondo huo huo hata kwa njiwa. Ukaguzi usiotabirika huleta mwendo ulio sawasawa zaidi. Na zawadi inayokuja baada ya idadi isiyojulikana ya majaribio ndiyo inayoshika kuliko zote na kufifia polepole kuliko zote. Ndiyo injini ya vibanda vya kubeti vilivyojaa kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Mchovya asali hachovyi mara moja, hasa kama hajui ni kidole cha ngapi kitatoka na asali.

Basi inakwama wapi?

Inakwama kwenye maana. Panya hajiulizi kwa nini punje imedondoka. Binadamu huuliza: nani amenipa, kwa nini, ananionaje, na je sasa jambo hili limekuwa la namna gani?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Haifa, Israeli, ulioandikwa na Uri Gneezy na Aldo Rustichini mwaka 2000. Katika vituo 10 vya kulelea watoto mchana, wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Vituo sita viliweka faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Kwa hesabu za maabara, uchelewaji ungepungua. Uliongezeka, hadi kufikia karibu mara mbili. Zamani mzazi aliyechelewa alimwonea haya mlezi anayemsubiri. Baada ya faini, alikuwa ananunua muda. Na faini ilipofutwa, uchelewaji haukurudi chini, kwa sababu haya iliyoondoka haikurudi kwa tangazo.

VICOBA chetu kina faini ya kuchelewa. Tutajuaje kama imegeuka kuwa bei?

Anza na hesabu rahisi. Tuseme kikundi cha watu 30 kinakutana saa 9 alasiri na faini ni Sh 500. Mwanachama anayeuza ndizi Soko la Mwanjelwa akitaka kuwahi, atalipa bodaboda Sh 1,000. Akitembea kwa miguu atachelewa na kulipa 500. Mmemwekea nauli ya nusu bei.

Dalili ni hizi. Mchelewaji anatoa pesa kabla hajaulizwa, wala haombi radhi. Mweka hazina ameanza kuzihesabu faini kama mapato ya kutegemewa, kiasi kwamba wote wakiwahi kikundi kitaona pengo. Na wanaolipa ni wale wale kila wiki. Ukiona mbili kati ya hizo, faini imekwisha nguvu.

Wengi hukimbilia kuipandisha. Ipandishe hadi 5,000 na itafanya kazi kwa wenye nacho. Wasio nacho watakosa mkutano kabisa ili wasidaiwe, na mwezi wa tatu mtaanza kuwaita wadaiwa sugu. Njia bora ina kazi zaidi. Chukueni orodha ya mahudhurio ya mikutano minane iliyopita, muone nani huchelewa na siku gani. Waulizeni sababu, mmoja mmoja, si mbele ya watu. Mara nyingi saa yenyewe ndiyo mbaya: ni saa ya kukamua ng'ombe, au ya gari la mzigo. Sogezeni mkutano kabla ya kugusa faini. Mkiona faini lazima ibaki, basi mchelewaji aeleze sababu kwanza, wanachama waipokee au waikatae, ndipo alipe. Hapo pesa inarudi kuwa ishara ya kosa.

Ni kweli kwamba zawadi huua ari?

Zawadi za aina fulani, kwa kazi za aina fulani. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe ikiwa watachora. Wiki moja au mbili baadaye, watoto hao walichora kwa hiari muda mfupi sana, karibu nusu ya ule wa wenzao. Waliopewa cheti ghafla, bila kuahidiwa, hawakupungukiwa na hamu. Cheti kilikuwa kile kile. Kilichoharibu ni ahadi, iliyomfundisha mtoto kwamba kuchora ni kitu cha kufanywa kwa ajili ya kitu kingine.

Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya majaribio 128 mwaka 1999 na kuona mwelekeo huo: zawadi ya kushikika iliyotarajiwa hupunguza hamu ya kazi inayopendeza. Sifa ya maneno, ikitolewa kama taarifa ya kazi nzuri, haikuwa na madhara hayo. Na pale kazi inapokuwa haina mvuto tangu mwanzo, zawadi haina hamu ya kuua. Kwa hiyo mlipe mtu anayezibua choo, tena vizuri. Uwe mwangalifu unapotaka kumlipa mtoto kwa kusoma kitabu.

Na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji? Wakija wafadhili na posho, kijiji kinaharibika?

Hatari ipo. Kijiji kilichozoea kuchimba mtaro wa bomba kwa zamu kikilipwa posho ya kila siku, halafu mradi ukaondoka, bomba likipasuka mwaka unaofuata swali la kwanza litakuwa "wanalipa?". Hata hivyo, haifai kuwalaumu wanakijiji. Kumchukua mtu siku nzima mwezi Januari, wakati mahindi yanataka palizi, ni kumchukulia gunia. Ushauri wetu ni kutenganisha mambo mawili bila kuyachanganya kamwe. Kazi ya kitaalamu au ya siku nyingi ilipwe kama ajira, kwa mkataba na kiwango kinachojulikana. Kazi ya zamu ya wote ibaki bila posho, ila chakula kipikwe hapo hapo na kuliwa na wote.

Na chakula hicho si zawadi? Hapa ndipo mtu wa maabara na mtu wa Iringa wanapoona vitu viwili tofauti. Mwenye shamba anawaita majirani kulima, jioni kuna ulanzi. Kwa lugha ya Skinner, ulanzi ni kiimarishi cha kulima. Lakini jaribu kuwa mtu anayetoa ulanzi mwingi kila msimu asionekane hata siku moja kwenye shamba la mwenzake. Watakunywa, na mwakani watakuwa na udhuru. Kinachowaleta watu ni deni la heshima ya ujirani, na kinywaji ni namna ya kulikiri.

Wanyama wenyewe walizitii kanuni hizi?

Si mara zote. Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa Skinner na kuishi kwa kufundisha wanyama wa maonyesho, waliandika mwaka 1961 kuhusu nguruwe aliyefundishwa kubeba sarafu za mbao na kuzitia kwenye chombo ili apate chakula. Mwanzo alifanya vizuri. Kadiri siku zilivyokwenda akawa anaidondosha sarafu njiani, anaisukuma kwa pua, anaifukua kama anavyofukua ardhi, huku njaa ikimuuma. Kila mfugaji wa nguruwe Mbozi anaijua pua hiyo. Asili ya mnyama ilishinda ratiba.

Lugha inahusikaje na jamii kamilifu?

Kwa sababu Skinner alidai, mwaka 1957, kwamba hata kuzungumza hujengwa kwa uimarishaji, na Noam Chomsky alimjibu mwaka 1959 kwa uhakiki ulioitikisa nadharia nzima. Hoja ya Chomsky unaweza kuijaribu sebuleni kwako. Mchoree mtoto wa miaka minne au mitano mdudu wa kubuni, mwambie "hiki ni kibozo". Chora wa pili, muulize "sasa kuna nini viwili?". Ukijibiwa "vibozo", ujue neno hilo hajalisikia kamwe wala hajawahi kuzawadiwa kwa kulitamka. Ametumia kanuni iliyomo kichwani mwake. Jean Berko alifanya jaribio la namna hii kwa Kiingereza mwaka 1958.

Kwa mpangaji wa jamii, hii ina uzito. Watu wenye uwezo wa kutunga sentensi mpya wana uwezo wa kutunga tafsiri mpya ya sheria yako jioni ile ile uliyoitangaza.

Nani anampanga mpangaji?

Hili ndilo swali lenyewe, na majibu yote mengine ya ukurasa huu yanalizunguka.

Saikolojia ya tabia inaweza kukueleza jinsi ya kuongeza au kupunguza tendo. Haiwezi kukueleza tendo lipi liongezwe. Panya hakushauriwa kuhusu wenzo. Aliyeamua kwamba kubonyeza ni kuzuri alikuwa nje ya kisanduku, ana ufunguo, na jioni alikwenda kwake. Ukiikuza picha hiyo hadi ukubwa wa kijiji, lazima awepo mtu wa kusimama hapo nje. Wale Wapangaji sita.

Skinner aliliona tatizo. Jibu lake lilikuwa kwamba mpangaji naye yumo ndani: matendo ya watu humrudia na kumwimarisha au kumkwaza, kama vile panya anavyomfundisha mtafiti kuendelea kutoa punje. Ni jibu la akili, ila linafaa pale tu wanaopangiwa wana uwezo wa kukataa na kukataa kwao kukamuuma mpangaji. Asiyeweza kuondolewa hukosa kiimarishi cha kusikiliza. Kwa maana nyingine, nadharia yenyewe, ukiifuata hadi mwisho, inadai kura, mkutano mkuu na haki ya kuondoka, vitu ambavyo riwaya ilivipa nafasi ndogo.

Linganisha na sanduku la akiba lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, lenye kufunguliwa mbele ya wanachama wote. Sanduku hilo halijaribu kumfanya mweka hazina awe mwema. Linampunguzia nafasi ya kuwa peke yake. Kwa maoni yetu, katika mambo yote ambayo vikundi vya nyanda hizi vimeyatumia, hilo ndilo somo bora la ujenzi wa jamii, na halikutoka kwenye maabara ya panya.

Vijiji vya ujamaa vilikuwa jaribio la namna hii?

Havikutokana na Skinner, na si haki kuvitia kapu moja. Azimio la Arusha la 1967 lilijengwa juu ya usawa na udugu, si juu ya ratiba za zawadi. Nyerere mwenyewe aliandika mwaka 1968 kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza. Lakini utekelezaji uliangukia kwenye tatizo lile lile la nani yuko nje ya kisanduku, na mikoa ya kusini inayo mifano miwili ya kulinganisha.

Litowa, huko Songea, wakulima walijikusanya wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chama chao cha maendeleo cha Ruvuma kilifikia vijiji vipatavyo 17, kikiwa na shule yake na mashine ya kusaga, na maamuzi yakifanywa na mikutano ya wanakijiji. Watu waliingia wakijua wanaweza kutoka. Chama hicho kilipigwa marufuku Septemba 1969. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, kuhamia vijijini kukatangazwa kuwa amri, na mwisho wa zoezi ukawekwa 1976. Nyumba zilipangwa kwenye mistari karibu na barabara. Kuhama ni tendo linaloonekana na kuhesabika, na lilitimia kwa wingi mno. Kulima kwa pamoja kwa moyo ni kitu kingine, na hakikufuata.

Tuna mfano wetu wa jamii iliyobuniwa bila mpango wa zawadi?

Rungwe na Kyela zinao, na unastahili kujulikana zaidi. Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi au kumi na moja hivi walianza kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakalala huko na wenzao, wakaoa wakiwa huko huko, na kijiji kikakua pamoja nao. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi huko miaka ya 1930, waliandika kuhusu thamani iliyoshikilia mambo yote hayo: ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao mkiwa sawa.

Huwezi kuutoa ukwangala kama tokeni ya wodini. Mtu akikaa nawe kwa sababu analipwa, kitu chenyewe kimeshaondoka. Pamoja na hayo jamii ile haikuwa kamilifu: wazee walioa wake wengi huku vijana wakisubiri miaka, na hofu ya uchawi kati ya majirani ilikuwa kubwa.

Methali zetu si zinasema kama Skinner? "Samaki mkunje angali mbichi."

Zinafanana kwa sura. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inakubali kabisa nguvu ya mazingira. Ila methali hizo zinamsemesha mlezi, mtu anayeishi na mtoto yule, atakayezeeka mikononi mwake na kuona matokeo. Hazimsemeshi fundi wa mbali.

Viboko shuleni vinaangukia wapi?

Upande usioungwa mkono hata na Skinner. Mwaka 1938 alieleza jaribio la wenzo uliowachapa panya miguuni walipoubonyeza. Walipunguza kwa muda, kisha wakaendelea, na mwishowe jumla ya mibonyezo yao ikawa sawa na ya wasiochapwa. Adhabu ilificha tendo, haikulifuta. Kwa mwanafunzi anayechapwa asome asisome, hali ni mbaya zaidi. Martin Seligman na Steven Maier walionyesha mwaka 1967 kwamba mbwa waliopata mishtuko wasiyoweza kuizuia walilala chini na kuvumilia hata pale njia ya kukimbia ilipofunguliwa. Mwalimu anayeona mtoto "mvivu, hata kiboko haogopi" aanze kwa kuuliza kama mtoto huyo ana lolote analoweza kufanya likabadilisha siku yake.

Kwa nini tukilipa kwa hesabu, hesabu inapanda na kazi inaharibika?

Kwa sababu umelipia hesabu. Hanoi, mwaka 1902, serikali ya kikoloni ya Ufaransa ililipa kwa kila mkia wa panya. Panya wasio na mikia wakaanza kuonekana mitaani: walikatwa na kuachwa wazae.

Nyanda za juu jambo hili huonekana kwenye miti. Misindano ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inachukua miche takriban 1,111. Mpango ukilipa kwa mche uliopandwa, watu watapanda 1,111 mwezi Februari na mingine haitavuliwa viriba vyake vya plastiki. Lipa theluthi wakati wa kupanda, na theluthi mbili kwa miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, mwezi Novemba, ikihesabiwa kwenye mistari michache iliyochaguliwa kwa kura siku hiyo hiyo. Hata hapo, mpandaji mwenye hati au makubaliano ya kuvuna atautunza msitu kuliko mpandaji wa malipo, kwa sababu anajilinda mwenyewe dhidi ya moto wa Oktoba.

Mgawo wa maji ya mfereji, je? Ada haitoshi?

Ada inaweza kusomeka kama ile faini ya Haifa: nimelipa, nachukua. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu 1993, na chini ya mashamba ya Usangu wapo watu na wanyama wanaoyasubiri maji hayo. Njia moja iliyotumika Usangu haikuwa na zawadi wala adhabu. Ni mchezo wa bonde la mto: ubao wa mbao ulioinama wenye mto uliochongwa, gololi zikiwa maji, vijiti vikiwa mabanio ya mifereji. Wakulima wa juu na wa chini wanacheza pamoja, wa juu wanaona kwa macho yao gololi zinavyowaishia wenzao, kisha wanazungumza. Tabia ikibadilika hapo, inabadilika kwa kuelewa, jambo ambalo Edward Tolman alilionyesha zamani kwa panya waliojifunza ramani ya njia kabla ya kupewa chakula chochote.

Bado tunataka kujaribu mpango wa zawadi. Tufuate hatua gani?

1. Taja tendo linaloonekana. "Uwajibikaji" hauhesabiki, "kufika kabla ya saa 9:10" kunahesabika.
2. Hesabu kabla ya kubadilisha chochote: wiki mbili kwa tendo la kila siku, mikutano minne kwa la kila wiki. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ikirukwa hamtajua kama mpango umesaidia.
3. Uliza kwa nini tendo halifanyiki. Kama sababu ni utelezi wa njia au ndoo moja kwa nyumba nzima, tengenezeni njia au nunueni ndoo.
4. Zawadi iwe ndogo na ije mapema. Tuzo ya Desemba haifundishi tendo la Februari.
5. Mwanzoni toa kila mara; tabia ikishashika, toa mara moja kwa mbili, kisha mara moja kwa tano, bila kutabirika. Ukikata ghafla, tarajia fujo kwa siku kadhaa kabla ya kushuka.
6. Weka tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza, na mhesabu tena mwezi mmoja baada ya kuacha.

Epukeni shindano lenye mshindi mmoja. Wa nyuma hukata tamaa mapema, na hao ndio mliotaka kuwafikia.

Mwanachama mmoja anaukataa mpango wote. Tumchukulieje?

Kwa jicho la maabara, kukataa ni tabia nyingine ya kurekebishwa, na kikundi kikianza kufikiri hivyo kimeshapotea. Huenda mtu huyo ndiye pekee anayeona bei mliyoiita faini. Apewe nafasi mkutanoni kabla ya kura. Pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na jambo analotabiri litaharibika. Pangeni tarehe, tuseme miezi mitatu mbele, ya kulisoma tena kwa sauti na kulilinganisha na daftari la mahesabu, yeye akiwepo. Akitaka kujitoa kabla ya hapo, arudishiwe hisa zake zote, na asikatwe hata shilingi kwa kuondoka.